Posada ya Ghorofa ya Tisa

Mimi ndiye niliyefungua mlango. Naanza na hilo kwa sababu nimelikalia miaka mingi, na kwa sababu kila nikisoma habari za watu waliokamatwa na kurudishwa makwao, huandikwa kana kwamba mlango ulijifungua wenyewe. Mlango haujifungui. Kuna mkono. Mkono wa siku ile ulikuwa na unga wa maandazi, na ulikuwa wangu.

Tulikuwa tunakaa Downsview, mtaa mmoja wa Toronto, ghorofa ya tisa, upande unaotazama maghala. Vyumba viwili vile aliniachia mume wangu alipoamua kwamba maisha yake yako Alberta na mie simo. Nilimshukuru kwa jambo moja tu: makaratasi. Yeye ndiye aliyeomba, kwa shahada yake na pointi ambazo uhamiaji huhesabu, nami nikaingia Kanada nimeandikwa chini ya jina lake, mke. Ndoa ikafa, makaratasi yakabaki hai. Mambo ya serikali hayo, we acha tu.

Sikumlilia sana. Nilichokosa ni sauti ya mtu ndani ya nyumba. Nilikuwa nafanya kazi Agincourt, kwenye maabara ya meno ya bandia. Kutwa nasugua meno ya watu nisiowajua, kisha basi mbili na treni moja mpaka nyumbani, na nikifika nawasha redio ya Kireno. Kireno sijui hata neno. Nilitaka tu mtu aongee jikoni wakati nakata vitunguu. Desemba ndiyo ilikuwa mbaya kuliko miezi yote. Mie Mwislamu wa Tanga, Krismasi si yangu, lakini mji mzima unapofunga maduka na kwenda kwa ndugu zake, hata asiyesherehekea anajua kwamba hana pa kwenda. Waswahili wenzangu walikuwapo, wengine Crescent Town, wengine Scarborough, tunaonana Idi na misibani, ila wao wana watoto, na watoto wana shule na masomo ya kuogelea. Nikabandika tangazo kwenye chumba cha kufulia: chumba kinapangishwa, mwanamke tu, asiyevuta sigara.

Aliyekuja alikuwa Mmeksiko wa umri wangu, mfupi, mbishi, mwenye sanduku moja dogo na sufuria kubwa kuliko sanduku. Alikuwa anashona vitambaa vya makochi kwenye kiwanda kimoja hapo hapo Downsview. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuokoteza, changu afadhali kidogo, na tulikitumia bila huruma. Wiki ya kwanza tuligombana kuhusu pilipili. Wiki ya pili alikuwa ananisubiri kula. Redio ya Kireno sikuiwasha tena.

Mambo yake alinieleza taratibu, kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Huko kwao kulikuwa na watu waliokuwa wakidai kitu kila mwezi kwa kila mwenye duka, na shemeji yake alipokataa, hakuonekana tena. Yeye akakimbia. Akaomba ukimbizi hapa, wakamsikiliza, wakamwambia wanamwamini ila Meksiko ni nchi kubwa, ahamie mji mwingine. Hakuhama mji, wala siku waliyompangia ndege hakwenda uwanjani. Kuanzia siku hiyo alikuwa anatafutwa. Lakini alikuwa na ombi lingine, la kuomba aachwe abaki kwa huruma, limelala kwenye meza ya ofisa fulani, na wakili wake alimwambia lina nguvu. Alichohitaji ni muda. Miezi sita, mwaka, asikamatwe tu kabla halijasomwa.

Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja. Mlango ukigongwa, hatufungui. Mgeni wetu apige simu kwanza akiwa chini, tumshukie. Akigonga bila simu, tunazima bomba, tunanyamaza, tunachungulia kwenye tundu la mlango. Niliikubali sheria hiyo kwa kichwa, lakini mwili wangu ulikuwa unaikataa. Mie nimelelewa nyumba ambayo mtu akipiga hodi unaitikia karibu kabla hujajua ni nani, kisha ndiyo unatafuta khanga ya kujitanda. Kumnyamazia mgeni mlangoni, huku unapumua upande wa pili, niliona ni jambo la aibu kuliko kutukana. Nilimwambia hivyo. Alicheka, akasema, "Dada, wewe hujawahi kutafutwa."

Desemba ya kwanza akanipeleka posada. Maana ya neno hilo ni malazi, mahali mgeni anapolala. Jioni tisa mfululizo kabla ya Krismasi, Wameksiko wanakutana, kila jioni nyumba nyingine, kumkumbuka Mariamu na mumewe walipokuwa wanatafuta pa kulala na Mariamu ana mimba pevu. Watu wanagawanyika. Nusu wanabaki koridoni na mishumaa, nusu wanaingia ndani na kufunga mlango. Wa nje wanaimba kuomba malazi. Wa ndani wanawajibu, kwa sauti hiyohiyo tamu, kwamba hapa si hoteli, nendeni zenu, hatuwajui, huenda nyinyi wezi. Wanaombwa tena, wanakataa tena. Mwishoni wa ndani wanawatambua, mlango unafunguliwa, watu wanakumbatiana, wanakula.

Mie nilikuwa kundi la ndani, nyumbani kwa binamu yake, jengo la pili kutoka letu. Binamu huyo ndiye aliyekuwa akipanga zamu za nyumba zote tisa. Mwanamke wa sauti kubwa na mikono isiyotulia, ukimkuta amekaa ujue anaumwa. Niliposikia wale wazee na watoto koridoni wanaomba, na sisi tunawajibu nendeni, nilishindwa. Nikamwuliza mwenzangu kwa sauti ya chini, "Hivi wageni mnawaambia hivyo mlangoni? Kweli?" Binamu akanisikia, akawatafsiria wote, wakacheka mpaka wimbo ukaharibika.

Baadaye, tukiwa tumekaa na vikombe vya kinywaji chao cha moto, chenye mapera na vipande vya muwa ndani yake, loh, mapera! Toronto! Nilikaribia kulia. Basi tukiwa tumekaa hivyo mwenzangu akanieleza. "Kila mwaka tunabadilishana," alisema. "Mwaka huu uko ndani, mwakani uko nje. Lazima mdomo wako mwenyewe useme hapana, usikie ilivyo." Nikamwambia kwetu Waislamu Maryam alijifungua peke yake chini ya mtende, hakukuwa hata na mlango wa kugonga. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ni ngumu zaidi. Akaniongezea sahani. Binamu yake alikuwa amenipikia tamale zangu kwenye sufuria ya peke yake, za kuku, zisiguse nguruwe. Tamale ni unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Nilikula sita.

Sahani ya kwanza, kabla mtu yeyote hajala, ilipelekwa jengo letu kwa msimamizi, mzee wa Guyana aliyekaa ghorofa ya chini na mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaazima viti vya kukunja kutoka ukumbi wa jengo, na hakuwahi kulalamika kuhusu kelele. Wameksiko walimpenda. Watoto wao walimwita babu.

Mwaka uliofuata, jioni ya sita ilikuwa zamu yetu. Mwenzangu alianza kujiandaa tangu Novemba, akanunua maganda ya mahindi mifuko miwili na kuyapanga juu ya friji.

Jumamosi moja ya Novemba, saa nne asubuhi, nilikuwa nakanda maandazi. Mama mmoja wa Crescent Town alikuwa ameniahidi kupitia kuchukua vitenge vyake. Mwenzangu alikuwa anaoga, maji yanasikika. Mlango ukagongwa, mara tatu, kwa upole. Sikufikiri. Wallahi sikufikiri hata kidogo. Nikaitikia kwa Kiswahili, "Karibu mwaya!" nikafuta mkono mmoja kwenye aproni, nikafungua na ule mwingine.

Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, makoti ya kawaida. Mwanamke alitabasamu, akanisalimu, akauliza kama wanaweza kuingia. Na mie, badala ya kuuliza nyinyi nani, nikawaambia karibuni ndani, msisimame mlangoni. Mwanamume akapangusa viatu vyake kwenye mkeka, kushoto, kulia, kwa makini kabisa. Nikawauliza kama watakunywa chai. Hapo ndipo mwanamke akafunua koti, nikaona beji.

Waliuliza jina lake. Sikujibu, lakini bomba la bafuni lilifungwa saa hiyohiyo, na likajibu lenyewe. Akatoka amejifunga taulo mwilini, nyingine kichwani. Aliwaona, akaniona na unga wangu. Walimruhusu avae. Yule mwanamke alisimama kwenye mlango wa chumba chake wakati anavaa, akamkumbusha achukue soksi nzito. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyesukumwa. Yote yalichukua muda wa mafuta kupata moto jikoni, maana niliyasahau juu ya jiko, na king'ora cha moshi kilianza kulia wakati wanaingia naye kwenye lifti. Nikabaki nimesimama juu ya kiti napepea king'ora kwa taulo ya vyombo, nalia kwa hasira.

Wakili wake aliniambia baadaye, bila kunilaumu, kwamba ile karatasi waliyokuwa nayo ilikuwa ya kumkamata yeye, si ya kuingia nyumbani kwangu. Nisingefungua, wangerudi kutafuta karatasi nyingine. Huenda wangerudi kesho, huenda wasingerudi mpaka Machi. Alisema hivyo huku anatafuta kalamu. Aliniuliza nani alifungua. Nikasema sikumbuki vizuri. Hivyo ndivyo nilivyosema, mwanamke mzima.

Binamu alikwenda kumwona kwanza, kwenye kile kituo wanachowaweka watu karibu na uwanja wa ndege. Aliporudi alinijia nyumbani macho mekundu. "Amesema ni yule mzee wa jengo," aliniambia. "Yeye ndiye aliyewafungulia. Mzee tunayemlisha!" Nikaelewa mambo yamekwendaje. Mwenzangu alikuwa bafuni, maji yanamwagika, hakusikia kitu, akadhani mzee ametumia ufunguo wake. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, hapana dada, ni mie. Nikamimina chai.

Nimefikiri sana kuhusu maofisa wale wawili. Zamani nilidhani kumfukuza mtu nchini ni kazi ya watu wenye sura mbaya. Hawa hawakuwa na sura mbaya. Yule aliyesema soksi nzito alikuwa na huruma ya kweli, naapa, na huruma yake haikubadilisha kitu chochote. Kwenye mkusanyiko wetu wa Idi kule Scarborough niliwasimulia wenzangu, nikaruka sehemu ya mlango. Kaka mmoja, anayefanya kazi benki, akasema, "Sheria ni sheria, apange foleni kama sisi." Nikamwuliza foleni ipi? Mie nilipanga foleni gani, zaidi ya kuolewa na mtu mwenye shahada? Angeniacha miaka miwili kabla ya viza, ningekuwa wapi leo? Watu wakasema dada punguza jazba, kula biriani. Nikawaambia biriani lao wale wenyewe, nikachukua koti. Basi lilikawia dakika arobaini, na kituoni nilikuwa peke yangu. Nilijua vizuri kwamba sikumkasirikia yule kaka. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amevaa koti langu.

Nilikwenda kumwona mara moja. Unakaa upande mmoja wa kioo, unashika simu, naye anashika yake. Nilikuwa nimejipanga tangu kwenye basi: neno la kwanza ni mie niliyefungua, la pili ni nisamehe. Akaanza yeye. Alitaka kujua kama maganda ya mahindi bado yako juu ya friji. "Jioni ya sita usiifute," alisema. "Binamu atakuja kupika na wewe. Nyumba yetu isirukwe." Nikasema sawa. Akasema nimekonda. Nikasema sawa. Muda ukaisha, akaweka kiganja kwenye kioo, nikaweka changu, nikarudi Downsview na maneno yangu mawili kifuani. Walimpandisha ndege wiki ya kwanza ya Desemba, na karatasi yake imeandikwa asirudi bila kibali. Ombi lake la huruma lilikuwa bado halijasomwa.

Jioni ya sita nikaiandaa. Binamu alikuja asubuhi, tukapika kutwa nzima, na kila alipofunga tamale moja alimtukana mzee wa jengo kwa Kihispania. Mwaka huo hakuna sahani iliyokwenda chini. Saa moja jioni watu kumi na sita walikuwa koridoni na mishumaa ya betri, maana ile ya kweli ingewasha king'ora. Mwaka huo zamu yangu ilikuwa nje, ila mwenye nyumba hubaki ndani; nikawa na mabibi wawili na karatasi yenye maneno ya Kihispania, nimesimama mbele kabisa, mkono kwenye kitasa. Wakaimba kuomba. Tukaimba kukataa. Safari hii sikukosea neno.

Katikati ya wimbo nikasikia lifti imefunguka, kisha kishindo cha vyuma. Nikachungulia kwenye tundu. Mzee wa Guyana alikuwa ametoka na viti vya kukunja, sita kwenye mkono huu, sita kwenye ule, kama kila mwaka. Hakuna aliyemwambia alete. Wimbo ukafa. Watu waliokuwa koridoni wakamgeuzia mgongo mmoja mmoja, hata watoto, kwa kuwa mama zao waliwashika mabega na kuwageuza. Alisimama kidogo. Akaviegemeza viti ukutani, taratibu visianguke, akabonyeza lifti, akaingojea. Lifti yetu ilikuwa mbovu, huchukua muda. Muda wote ule mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa na sikukizungusha. Mie niliyewafungulia maofisa bila kuuliza, nikamnyima mzee yule mlango. Lifti ilipoondoka, binamu akaanzisha wimbo upya, nasi tukawajibu kwamba hatuwajui.

Waliingia, walikula, walinikumbatia. Mabibi walinibusu mashavu, wakaniambia mie ni ndugu yao, kwa sababu nimeitunza nyumba ya yule aliyeondoka. Kila neno lilinichoma. Walipoondoka, viti kumi na viwili vilikuwa bado koridoni.

Asubuhi nikampigia simu Meksiko. Aliitikia kwa furaha, akauliza tamale zilitosha chumvi? Safari hii sikumpa nafasi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, mama wa Crescent Town, maandazi, karibuni ndani, chai.

"Nilikusikia," alisema.

"Maji yalikuwa yanamwagika."

"Nilikusikia ukiwaita karibu. Neno hilo nalijua, unalisema kila siku. Na chai nilisikia." Alikuwa anaongea polepole, akitafuta Kiingereza. "Nilikasirika kwa siku nyingi," alisema, "nilikaa kwenye kile kitanda chao nikakutukana kwa lugha yangu yote. Halafu binamu yangu akaja, akauliza nani, na huyo ukimwambia hasamehi. Nikafikiri, dada yangu yule ana nani? Atakula Desemba na nani?"

Nikamwambia, "Lakini mzee hakufanya kitu."

"Mzee ana mke," alisema. "Wewe nyamaza tu, uende posada." Halafu mama yake akamwita huko nyuma, akaniaga.

Nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimesamehewa, na msamaha wenyewe ulikuwa umekatwa mgongoni kwa mtu mwingine. Ningeupokea, ningekuwa na jioni tisa kila mwaka, mapera na muwa, na watu wanaoniita ndugu. Ningeurudisha, binamu angejua kabla ya adhuhuri, na mie ningerudi kwenye redio yangu. Nataka niseme nilichagua haraka. Sikuchagua haraka. Nilipanga vyombo vyote kabatini kwanza, nikafuta jiko ambalo lilikuwa safi.

Kisha nikaandika ujumbe kwa binamu, mistari miwili, kwamba ni mie niliyefungua na mzee hana kosa. Nikautuma kabla sijavaa viatu. Hajaujibu mpaka leo. Wameksiko waliwekewa viza miezi michache baadaye, miaka ikapita viza ikaondolewa tena, na mie bado nabadilisha simu nikiihifadhi namba ya binamu. Lakini asubuhi ile sikujua hayo. Nilipakia viti kwenye lifti kwa awamu mbili, nikavishusha, nikagonga mlango wa mzee.

Alifungua mwenyewe, fulana ya ndani na kandambili miguuni. Mkewe alikuwa kanisani. Akanipokea viti bila kuuliza, akaanza kuvipanga ukutani, nami nikamwambia nikiwa bado nimesimama. Wale maofisa, Jumamosi ile. Wameksiko wanakulaumu wewe, na ni mie. Mie ndiye niliyefungua mlango.

Akaacha kupanga viti. "Mlango upi?" aliuliza.

"Wa kwetu. Ghorofa ya tisa."

Akakaa kwenye kimoja cha vile viti, akanionyesha na mie nikae. Tukawa wawili tumekaa kwenye viti vya kukunja katikati ya sebule yenye makochi mazuri tu.

"Mimi niliwafungulia mlango wa chini," alisema. "Nilikuwa nafagia pale mbele. Yule mwanamke akanisalimu, nikamshikia mlango. Hakunionyesha kitu, na mimi sikumwuliza." Alitazama mikono yake. "Nilirudi kufagia. Sikujua ni kina nani mpaka walipotoka naye. Mikono yao imejaa, mmoja amembebea begi, mwingine amemshika yeye. Nikaushika mlango tena, wapite. Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili, mtu akija na mzigo naushika mlango."

Nikamwuliza kama alimwona.

"Alipita hapa, karibu hivi," alisema. "Akaniambia asante."